Kiti cha Kukaa Upande

Mafunzo yalikuwa ya bure na kulikuwa na chai. Sikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Gari dogo lenye kipaza sauti lilipita kando ya foleni ya malori pale mpakani Busia likitangaza kwamba mtu yeyote mwenye wazo la bidhaa, awe amesoma au hakusoma, afike katika ukumbi wa kanisa Jumatatu asubuhi afundishwe kuanzisha biashara ndogo. Wakati huo siasa za vyama vingi zilikuwa zimerudi, kila mtu alikuwa akihubiri kujitegemea, na miradi iliingia mjini kama kumbikumbi baada ya mvua. Mimi sikuwa na wazo la bidhaa yoyote. Nilitaka tu kuona mtu anafundishwaje biashara akiwa ameketi.

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Funyula. Karo ilikuwa shida, lakini hata ingekuwapo ningeondoka, kwa sababu mwalimu alikuwa akieleza mambo ya mbali na nje ya dirisha kulikuwa na mtu anachimba kisima. Nilimfuata yule mchimba kisima. Baadaye nilimfuata mtu wa kukarabati redio, kisha nikaenda Budalang'i kujenga tuta la kuzuia mto, mpaka mto ukaja ukalichukua tuta pamoja na hamu yangu. Busia ndiko nilikodumu zaidi, kwa sababu ya malori. Kulikuwa na fundi mmoja kutoka Tororo aliyeshona viti vya madereva chini ya turubai, na nilimtazama siku nyingi hadi akachoka kutazamwa akanipa sindano. Aliporudi kwao aliniachia turubai, nyundo na ile sindano ndefu iliyopinda. Usiku nililala hapo hapo. Vyombo vyangu vilikuwa katika gunia, na popote nilipokwenda nilikwenda nalo, kwa maana turubai halina mlango.

Nalitaja hili la mlango kwa sababu ndilo lililonishika siku ya kwanza pale ukumbini. Mwalimu wetu, mwanamke mchangamfu tuliyemwita Madam, alisema mradi umejenga vibanda vya mabati karibu na soko. Mwisho wa mafunzo, mwenye bidhaa itakayozishinda nyingine atapewa kibanda kimoja, mwaka mzima bila kodi, chenye mlango na kufuli. Watu wengine walishangilia habari ya kodi. Mimi niliona ukuta. Nilijiona nikipigilia msumari, nikitundika sindano yangu jioni, na kuikuta hapo asubuhi. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu kama hicho. Kilinishtua.

Masharti yalikuwa mawili. Bidhaa iwe kitu cha kushikika, si huduma. Na kila mtu achague mwenzake ambaye atajifunza kuitengeneza pamoja naye na kumwambia ukweli kuihusu. "Bidhaa ni kama mtoto," Madam alisema. "Ukimficha nyumbani, hutajua kama anachechemea."

Mwenzangu alinichagua yeye mwenyewe. Alikuwa kijana wa Kiteso kutoka Malaba, mwenye kaka zake waendesha boda boda, na maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alikuja na mishumaa ya kutengeneza mwenyewe. Asubuhi ilikuwa mizuri, imenyooka. Ikifika saa saba, jua likipenya dirishani, yote ilikuwa imeinama.

"Boss, mishumaa yako inaomba," nilimwambia.

"Inakuombea wewe," akajibu bila kukawia. "Umekaa hapa siku ngapi na gunia, hata hatujui unauza nini. Ama ni hilo gunia?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Tulikuwa marafiki tangu hapo.

Bidhaa yangu niliipata mpakani. Boda boda za wakati ule zilikuwa baiskeli, na zilibeba watu kutoka upande wetu hadi upande wa Uganda na kuwarudisha. Nyuma ya kila baiskeli kulikuwa na keria ya chuma, juu yake kitambaa kilichokunjwa au mto mwembamba uliofungwa kwa kamba. Wanaume walipanua miguu wakakaa. Wanawake walikaa upande, miguu yote miwili kushoto, kwa sababu ya nguo na kwa sababu ya heshima, mtoto mgongoni na kikapu mapajani. Siku moja nilimwona mama mmoja akishuka karibu na lango la forodha. Alishika mlingoti, akasimama kwanza, kama mtu anayengoja miguu yake imfuate.

"Mama, umeumia wapi?" nilimwuliza.

"Kijana, hiyo si swali ya kuuliza mama ya mtu."

Waendesha baiskeli walipasuka kwa kicheko. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Aliigeukia ile keria akaipiga kofi. "Hii kitu ilitengenezwa na mwanaume. Nyinyi mnakaa kama mko kwa punda. Sisi tunakaa upande, na huku upande hakuna kitu. Ni chuma tu na Mungu."

Niliondoka pale nikiwa na homa ya kichwani, ile inayonishika ninapoona kitu ambacho kila mtu amekitazama bila kukiona. Nilikata ubao mpana kuliko keria, ukazidi upande wa kushoto, wenye ukingo ulioinuka kidogo ili mtu aliyekaa upande asiteleze kwenda mbele. Chini ya sponji nilisuka vipande vya tyubu kuukuu kama kamba za kitanda, vinyumbuke barabara ikiwa mbaya. Niliweka kishikio cha mkono na kibao cha kukanyagia. Cha kwanza kilikuwa kibaya, na cha pili kilimwangusha mama mmoja wa darasani ambaye bidhaa yake ilikuwa karanga za kusaga. Aliniambia ningekuwa mwanawe angenichapa, kisha akapanda tena. Cha tatu kilikaa.

Mwenzangu alikuwa ameshaiacha mishumaa. Alileta baiskeli ya kaka yake tujaribie, akajifunza kusuka tyubu, akaniambia ukweli kama Madam alivyotaka: kwamba kishikio kilichubua mkono, kwamba rangi ilikuwa ya jeneza. Nilimwonyesha kila kitu. Jinsi ya kupima ule ukingo kwa upana wa vidole, jinsi ya kuloweka tyubu ili isikatike, pa kupitisha ile sindano. Hakuna nilichobakiza. Madam mwenyewe, na sketi yake nyembamba, alikaa upande akazungushwa kanisa lote, na aliporudi alisema, "Hii sasa ni bidhaa."

Jioni hiyo tulitembea hadi kwenye turubai langu. "Kibanda ni chetu," mwenzangu alisema. "Wewe mkono, mimi mdomo. Nusu kwa nusu." Nilimwambia sawa, lakini ukuta wa upande wa mlango ni wangu, nina msumari wa kupigilia. Aliniambia, "Pigilia hata kumi."

Siku chache kabla ya maonyesho, lori la mahindi lilipinduka barabara ya Malaba, na ikasemekana winchi kubwa inaletwa kuliinua. Nilikosa darasa nikaenda kutazama. Ningewezaje kukosa? Nilikaa ukingoni mwa barabara kutwa, nikaona minyororo ikikazwa na lile lori likiinuka polepole na kumwaga mahindi, na akina mama wakikimbilia na beseni huku polisi wakipiga kelele. Nilirudi na furaha tele. Nilimwuliza mwenzangu kilichofundishwa siku hiyo. "Hakuna kitu," akasema. "Mambo ya maonyesho tu." Kisha akaongeza kwamba Jumamosi nyumbani kwao kutakuwa na pombe, na ami yake amesema anilete.

Mimi ni Msamia, lakini nilijua vya kutosha kufahamu kwamba Wateso hawamwiti mtu kwenye chungu bila kufikiri. Ni pombe ya wimbi, ajon, inayomiminiwa maji ya moto chunguni, na watu wanakizunguka chungu kwa mviringo mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija unashikwa kwa mkono wa kulia. Hupulizi ndani, huchungulii. Na watu wenye ugomvi hawanywi chungu kimoja, maana nani atafunua kinywa pale adui amefunua chake? Kwa hiyo nilioga, nikaazima shati.

Boma lao lilikuwa nje kidogo ya Malaba, ng'ambo ya reli. "Yoga," nilisema mlangoni, na wazee wakacheka jinsi nilivyolitamka neno lao la salamu, wakanipa kigoda. Ami yake, mtu mnene mwenye sauti ya pole, alivuta mrija wake kwanza, kama ilivyo ada ya mwenyeji, kisha akanyoosha mkono nisinywe bado.

"Kijana wa Funyula," aliniambia kwa Kiswahili, "wewe na huyu mtoto wetu mnafanya kazi moja."

"Ndiyo, mzee."

"Kuna neno lolote kati yenu?"

"Hakuna."

"Tumbo lako ni safi kwake?"

"Ni safi kabisa, mzee."

"Na hiyo kazi itokee vile itatokea, mnakunywa mkiwa ndugu?"

Niliona fahari. Sikuwa nimewahi kuulizwa neno kama hilo na baba wala ami yangu mwenyewe. Nilimtazama mwenzangu ili tujibu pamoja, lakini yeye alikuwa akifuta ncha ya mrija wake kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta.

"Ndugu kabisa," nikasema, na wazee wakaitikia, na mtu akasukuma mrija mkononi mwangu. Nilikunywa. Tulikunywa mchana kutwa. Walinifundisha wimbo na walinitania kwamba Wasamia wanakunywa kama watu wanaoogopa samaki chunguni. Nilirudi Busia nimebebwa nyuma ya baiskeli ya kaka yake, nikiamini nimepata nyumba ya pili.

Maonyesho yalikuwa katika uwanja wa kanisa. Wageni waliketi kivulini chini ya hema: watu wa mradi, chifu, wafanyabiashara wawili wa mjini. Zamu yetu ilipofika, tulikuwa tumepanga hivi: mimi nishike baiskeli isimame wima, mama wa karanga apande akae upande, mwenzangu aeleze. Wageni wenye suti hunikausha koo, na yeye alikuwa na mdomo.

Nilishika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine. Mama alipanda, mzito, na mtoto wa mtu amefungwa mgongoni kwa ajili ya onyesho. Mwenzangu alisogea mbele.

"Mimi naishi na baiskeli tangu nizaliwe," alianza. "Kaka zangu ni boda boda. Siku moja mimi nilimwona mama akishuka pale forodhani, hawezi hata kutembea. Nikamwuliza, mama, umeumia wapi?"

Watu walicheka. Alingoja kicheko kiishe, kama alivyokuwa amenisikia nikingoja nilipomsimulia.

"Nikakata ubao. Cha kwanza kilikuwa kibaya. Cha pili kilimwangusha huyu mama hapa."

"Kilinitupa!" mama alisema, akifurahia sehemu yake, kisha akainamisha kichwa kunitazama, maana alijua aliyemwangusha. Nilihisi uzito wake ukihama na baiskeli ikitaka kulala. Nikaikaza. Ningeiachilia, angeanguka yeye na mtoto. Kwa hiyo nilisimama pale nimeikumbatia baiskeli kwa mikono miwili huku akieleza vidole vya kupimia ukingo, tyubu iliyolowekwa, sindano iliyopinda. Sindano yangu! Alisema "mimi" mara nyingi hivi kwamba nilianza kungoja "sisi" kama mtu anayengoja mvua ya kiangazi. Mwisho aliniashiria kwa mkono. "Na huyu ni rafiki yangu, ananisaidia."

Kiti kilishinda. Walimwita jina lake peke yake, akapewa ufunguo wenye utepe. Alipeana mkono na kila mgeni mstari mzima, akatokea upande mwingine wa hema, asipite niliposimama.

Nilimfuata Madam hadi kwenye gari. Nilimwambia kiti ni changu, na yeye anajua, alinitazama nikikikata.

Alishangaa kwa kweli. Uso wake haukuwa wa mtu mwongo. "Lakini si mlikubaliana?" aliniuliza. "Siku ile hukuja darasani niliwaambia, bidhaa moja ina mwenyewe mmoja. Mradi hauwezi kumpa kibanda mtu zaidi ya mmoja, wataleta ugomvi. Nikamwambia mwenzako mkae chini mmalize, mniletee jibu. Jumapili akanijia, akasema mmeketi mbele ya wazee, ukaulizwa, ukasema huna neno. Aliapa."

"Sikuulizwa habari ya kibanda."

"Hukuulizwa mbele ya wazee?"

"Niliulizwa."

"Na ulisema nini?"

Alinishika bega, akasema pole, akasema ripoti imekwisha kwenda, akaingia garini. Nilimtazama akihangaika kufunga mlango juu ya pindo la sketi.

Kesho yake nilikwenda Malaba kwa miguu. Nilitaka mtu mmoja tu aone aibu. Nilimkuta ami yake akirekebisha ua, akanikaribisha kwa uzuri ule ule, akaagiza niletewe maji. Nilimwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua. Mtoto alikuja na hilo neno la kibanda kuwa cha mtu mmoja, tukaliweka chini tukalizungumza. Tungeweza kunyamaza, kijana. Watu wengine wangenyamaza. Sisi tulisema hapana, aitwe, aulizwe kwa chungu."

"Hamkuniambia naulizwa nini!"

"Nilikuuliza vile kazi itatokea. Nilisema hivyo au sikusema?"

"Ulisema."

"Mtu wa kwetu akisikia swali hilo, anaweka mrija chini. Anasema, wazee, kwanza mniambie kuna nini. Hata kama hajui lolote. Wewe ulifungua kinywa haraka." Alisema bila ukali, kama anayemweleza mgeni njia aliyoipotea. "Sasa umekunywa. Nikikuambia rudisha, utarudisha namna gani?"

Mtu akinidanganya kwa uongo ninajua pa kumshika. Pale hapakuwa na pa kushika. Walichukua kitu walichokiheshimu kuliko vyote, chungu chao wenyewe, wakakitumia kunifunga, na bado waliniona mimi ndiye ninayekidharau kwa kurudi kulalamika. Niliyanywa yale maji kwa sababu kuyakataa kungekuwa kosa lingine.

Mwenzangu alikuwa amefungua kibanda niliporudi Busia na kupita sokoni. Kaka zake wawili walikuwa ndani, mmoja anakata ubao. Aliponiona alitoka mbio, kama aliyekuwa akiningoja.

"Ndugu yangu, ulipotelea wapi? Ingia. Kuna kazi hapa hata ya watu kumi. Utakuwa fundi mkuu, nakulipa kila Jumamosi."

"Unanilipa?"

"Si kibanda kina jina langu. Lakini ni kwako. Hata ule msumari, chagua ukuta."

Nadhani ni huo msumari ulionifanya niinue sauti. Wauza nyanya waligeuka. Nilimwambia aseme mbele ya soko lote ni nani alikata ubao wa kwanza. Aligeuka kuwatazama kaka zake. Kwa kitambo kifupi nilifikiri atasema, na kama angesema, nafikiri ningeingia, ningeshika nyundo, ningefanya kazi chini yake na kusahau. Hicho tu ndicho nilichotaka wakati ule. Kibanda kilikuwa kimekwenda.

Badala yake alisogea karibu akasema kwa sauti ndogo, kama anayeniomba, "Lakini tulikunywa."

Kaka yake mmoja aliita kutoka ndani, "Mwache bwana, kama hataki kazi ni hataki."

Nilirudi kwenye turubai langu, na kwa siku kadhaa nilifanya kitu ambacho sijawahi kufanya tena maishani: nilishindana. Nilitengeneza viti vitatu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Sponji nene, ngozi nyekundu, ukingo uliolainishwa hadi ukateleza kidoleni. Nilivipanga kwenye ubao kando ya barabara ya forodha, mahali baiskeli zote zinapopita, na nikakaa nyuma yake.

Mwendesha baiskeli wa kwanza kusimama alikuwa kijana mdogo. Alikibonyeza kimoja, akakigeuza, akatazama tyubu zilivyosukwa chini. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyegundua jambo.

"Boss, hii si ni ile ya yule jamaa wa kibanda?"

"Ni yangu."

"Najua ni yako, si unaiuza." Alikirudisha juu ya ubao polepole, kwa adabu, asinivunjie heshima. "Umeiga vizuri lakini. Mtu hawezi jua."

Alipanda baiskeli yake akaenda zake upande wa Uganda. Niliketi hapo hadi jua lilipokuwa kali, kisha nikavipakia viti guniani. Viliingia viwili tu. Kimoja nilikiacha juu ya ubao, na nikashika barabara ya Mumias, ambako nilisikia kuna watu wanaochimba mitaro ya maji kwa mashine.